Jina la Tatu

Jumatano jina la Bulonza, binti wa mjane mmoja wa mtaa wa Kasha, lilikuwa la tatu kwenye orodha ya watakaoanza sekondari. Ijumaa orodha ilipochapwa, halikuwamo. Nafasi yake ilikaliwa na mtoto wa tajiri wa mtaa wa Nyawera, ambaye mtihani wenyewe ulimshinda.

Orodha ilikaa ndani ya kompyuta ya ofisini, na ofisi ilikuwa na funguo mbili tu: ya mkuu wa shule, préfet Gaston, na ya maman Séraphine, sekretari wake kwa miaka kumi na saba. Na maman Séraphine wiki hiyo hiyo alikuja na kitenge kipya. Ya nini kuuliza zaidi? Walimu wakaanza kumsalimia kwa mbali.

Zamani asingekamatika mtu. Betri ya kompyuta ilikuwa imekufa, na kila asubuhi mashine iliamka ikidai ni tarehe mosi Januari 1980. Lakini mwezi uliopita padri Lucien, msimamizi wa shule, alimleta fundi Camille kwa ndege kutoka Kinshasa, mbali magharibi. Fundi aliahidi kufika saa mbili asubuhi, akafika saa tatu, na bado akabisha.

"Mais maman, nimechelewa wapi? Angalia montre yangu!" akasema, akionyesha saa ya mkononi.

"Hiyo iko ya Kinshasa. Huku jua inatoka mbele ya kwenu, saa moja nzima," maman Séraphine akamjibu.

"Zaïre iko kubwa sana!" fundi akacheka, akafungua mashine. Akaongeza kumbukumbu, akatia diski kubwa, betri mpya na mfumo mpya, kisha akaitegea saa kwa kufuata montre yake. Tangu siku hiyo kila faili iliyoguswa ilibaki na siku na saa yake.

Kwa hiyo Jumamosi jioni padri aliwaita wenye funguo wote wawili ofisini. Préfet Gaston alisimama nyuma ya kiti, shati limemganda mgongoni. Padri akasoma kwa sauti kwenye mashine: orodha ilibadilishwa Alhamisi, saa sita na nusu mchana.

Préfet akashusha pumzi ndefu.

"Saa sita mpaka saa saba mimi niko nyumbani, nakula. Nani anabakia huku? Maman Séraphine, uko na neno?"

 Maman Séraphine aliitazama mikono yake. Miaka kumi na saba, halafu ufukuzwe kama mwizi wa kuku! Na kazi nyingine mji huu ataipata wapi? Padri aliona hiyo ni hatia tupu.

Padri alichukua kalamu aandike barua ya kumwachisha kazi, akasita.

"Na kisha saa saba, préfet?"

"Saa saba maman anaenda kula kwake. Mimi nabakia peke yangu, nafunga mulango kwa ndani mpaka saa nane. Alhamisi ni vile vile, hata mbu haikuingia. Mashine ingesema saa saba na kitu, padri, ungenifukuza mimi, na ningeenda bila kelele. Naapa mbele ya Mungu!"

"Padri," maman Séraphine akasema taratibu, "nakuomba, andika hayo maneno yake. Na yeye atie sinyatire."

Préfet akacheka. Maneno yakaandikwa, naye akatia sahihi kubwa yenye mikia miwili, kama mtu asiye na wasiwasi hata kidogo.

"Sasa uliza mashine: iko saa ngapi saa hii?"

Padri akabonyeza. Mashine ikajibu: saa tisa na dakika ishirini.

Padri akaitazama saa ya mkononi mwake. Saa kumi na dakika ishirini: mashine ilikuwa saa moja nyuma, kama montre ya fundi. Akaivuta ile karatasi upande wake, kabla mkono wa préfet haujaifikia.