Rafu ya Juu

Mama Salha alipofungua friji ya jirani yake, Bi Shemsa, hakukuta barafu za ukwaju. Kilikuwemo kichupa kimoja tu, rafu ya juu: dawa ya sindano ya kumsaidia Salha arefuke.

"Barafu ziko wapi?"

"Nimeacha kuuza. Watoto wanafungua mlango kutwa nzima, dawa inapata joto."

Mama Salha alikitoa kichupa. Alitia ndani yake maji ya kuchanganyia dawa, akakizungusha taratibu viganjani bila kukitikisa, kama nesi alivyomfundisha, mpaka unga wa dawa ukayeyuka. Salha, miaka tisa ndani ya gauni la mtoto wa miaka mitano, akafunua paja na kuuma meno. Sindano ikaingia, ikatoka.

"Bibi, utauza tena lini?" aliuliza, akifuta chozi.

"Siku utakayoirudisha dawa yako pale juu mwenyewe."

Salha akakipokea kichupa kwa mikono miwili, akasimama kwa ncha za vidole, akajinyoosha. Kichupa kikagusa ukingo wa rafu, kikateremka, kikapanda tena. Baridi ilimwagika usoni pake, na hakuna aliyemwambia afunge mlango.