Kamera ya Mlangoni kwa Baba

Mara ya tatu kamera ilipopofuka, kilichoipofusha kilikuwa povu la kunyolea.

Msusi alilishuhudia kwenye simu yake, aliyokuwa ameiegemeza kwenye kioo cha saluni ili mikono isuke na macho yachunge. Saa nne asubuhi baba yake alikuwa amekaa barazani, amevaa tai. Akaingia ndani, akatoka na kopo mkononi, akapanda juu ya kiti. Kisha weupe mtupu.

"Mawingu hayo?" aliuliza mteja, shingo ikiwa imepindwa.

"Hapana. Ni baba."

Kamera hiyo ilikuwa ya mkataba. Mzee huyo, mkaguzi wa tiketi mstaafu aliyefiwa na mkewe miaka tisa iliyopita, alikuwa ameteleza kwenye ngazi za baraza, akakaa hapo chini saa mbili nzima akijifanya anaota jua, mpaka muuza maziwa alipopita akamwinua. Mwanawe mkubwa, mwalimu wa hesabu, akatoa hukumu: baba ahamie kwake, ghorofa ya nne, alale chumba kimoja na mapacha wa miaka mitano na kasuku wao. Mzee akasema afadhali wamzike. Ndipo Msusi akaingia kati. Baba abaki kwake, ila juu ya mlango ifungwe kamera isiyo na waya, aonekane akitoka na kuingia. Ikishindikana, sanduku litapakiwa.

Duka lililouza kamera likatuma fundi. Akaifunga siku ambayo Msusi alikuwa amebanwa na vichwa vya maharusi.

Wiki ya kwanza kamera ilizibwa na utando wa buibui, na hapo hakuna wa kulaumiwa. Wiki ya pili ikazibwa na soksi.

"Upepo," alieleza mzee.

Soksi ilikuwa imefungwa fundo.

Kila mara, kabla Msusi hajavua aproni, mzee alikuwa keshampigia fundi mwenyewe. Fundi akifika, kamera ni kipofu. Kamera ikifumbua jicho, fundi kashaondoka, na kwenye meza ya baraza vimebaki vikombe viwili na sahani ya makombo.

"Baba, povu lilifikaje huko juu?" Msusi aliuliza kwa simu jioni ile.

"Nilikuwa nanyoa."

"Unanyoa ukuta?"

Mzee alilipima swali hilo kama tiketi ya jana. "Fundi anasema kamera ni nzuri, ila inataka kuangaliwa mara kwa mara."

"Inaangaliwa, baba. Mimi ndiye ninayeiangalia."

"Na anasema nipunguze chumvi."

Kaka yake hakuona cha kuchekesha. "Kamera moja, mara tatu. Huyo jamaa ni kilaza. Siku nikimkuta nitamfundisha kushika bisibisi."

Msusi hakumwaza fundi. Alimwaza baba. Jumatano iliyofuata alimwona barazani peke yake, anaongea na kiti kitupu. Alikiinamia, akaweka mkono kifuani, akasema maneno ambayo kamera haikuyanasa vizuri, akakohoa, akarudi nyuma hatua tatu, akaanza upya. Alifanya hivyo mara sita. Mara ya sita alikipigia kiti magoti, na kuinuka kukamchukua muda mrefu.

Msusi aliweka chanuo chini, akaenda kulia chooni. Alipotoka alimpigia kaka yake.

"Ulikuwa unasema kweli," alimwambia. "Akili za baba zimeanza kumruka. Njoo Ijumaa, uje na sanduku."

Ijumaa saa tano kasoro, kamera ikazibwa tena, safari hii kwa koti zima. Kaka alikuwa keshafika nje ya saluni, gari likinguruma. Msusi akamwacha mteja na nusu kichwa. Mteja hakulalamika, alichoomba ni kupigiwa simu aelezwe yaliyotokea.

Njiani, kwenye foleni ya zaidi ya saa moja, kaka aliuliza kama baba ana pajama za heshima, maana mapacha husimulia kila kitu shuleni. Msusi alisema hajui. Alikuwa anafikiria jinsi atakavyomtoa mzee kwenye nyumba aliyojijengea, na nani atamshika mkono akishuka zile ngazi.

Wakiwa wamebakiza kona mbili, simu ikalia. Kamera ilikuwa imefumbua jicho. Kidole gumba kilikuwa kinafuta kioo chake, kimeficha nusu ya baraza. Kwa chini alionekana mzee, amevaa suti nyeusi, ameshikilia ngazi kwa mikono miwili.

"Uko wapi?" aliuliza kupitia kamera, ambayo ilipeleka sauti huku na huku.

"Karibu na kwako," kaka alijibu kwa ukali, macho yake barabarani. "Tumekuja kukuchukua, baba. Na huyo fundi asiondoke, nina maneno naye."

"Haondoki."

"Baba, huwezi kuendelea kuishi peke yako," alisema Msusi.

"Kweli kabisa, mwanangu," alisema mzee. "Ndiyo maana tumetoka ofisi ya ndoa sasa hivi."

Kidole kikaondoka kwenye kioo. Fundi akashuka ngazi polepole, mkono mmoja na bisibisi, mwingine umeinua gauni jeupe lisinase kwenye vidato, na mzee akampokea kiunoni.

"Haya, wanangu. Mwamkieni mama yenu."