Ndoo ya Mama Mbonea

Siku hizi bomba hufunguka kwa kiganja, na kila mtu hupewa maji kwa kadiri ya mpunga anaovuna. Mama Mbonea, aliyeishiwa nguvu za shamba, hupata kikombe tu. Leo alipoligusa, ndoo ilijaa hadi ikamwagika.

"Limenikumbuka," alisema akicheka. "Nipashie moto, mwanangu, nioge."

Nakijwa, mke wa mwanawe, hakucheka. Msimu uliopita jirani yao Mzee Kiondo naye alijaziwa ndoo hivyohivyo, akaoga akatakata. Kesho yake gari la shamba likaja kumchukua, hakurudi tena, na jaruba la mpunga alilopelekwa limestawi kuliko yote.

"Mbona moto hauwaki?" mama mkwe aliuliza kutoka chumbani.

"Kuni mbichi, mama," alijibu Nakijwa, huku akizimwagia maji ya ndoo kidogo kidogo.