Viti vya Ngozi

Kila asubuhi Mwongeli huosha gari la mumewe, lile jeusi kubwa linalojulikana Ikutha nzima, kwa maji yanayoletwa na punda kutoka mtoni. Leo alipofungua mlango wa nyuma, akiwa na kitambaa mkononi, aliinama kutazama ndani.

Kwenye kiti cha ngozi palikuwa na mavi ya mbuzi. Manyoya meupe yalikuwa yamenasa kwenye mshono, na alipoyavuta kwa kucha yalikuja moja moja.

"Jana nilimpelekea pasta mbuzi wa harambee," mumewe akasema kutoka barazani, akipuliza chai yake. "Sugua polepole, hiyo ngozi ni ghali."

"Si huyo mbuzi ungempeleka kwa bodaboda?"

"Kwa barabara ile? Wewe nawe," akacheka. "Si angefika amekufa."

Mwongeli aliweka kitambaa juu ya kiti. Tangu Agosti, watu walipokuja kumpa pole, alikuwa akiitikia tu kwa kichwa.

"Mimi ulinipandisha bodaboda nikiwa na uchungu wa kuzaa," akasema, "eti damu itaharibu viti. Mtoto wetu ndiye aliyefika amekufa."