Takataka Zote Nje

"Ikifika saa nne nisione hata karatasi moja!" Mwalimu mkuu aliupiga mlango wa chumba cha sanaa kwa rula yake ndefu. "Bodi ikute kuta nyeupe."

Mwalimu wa sanaa alikuwa juu ya stuli, anabandua picha za wanafunzi. Miaka tisa ya kazi ilikuwa inaingia kwenye maboksi. Chumba kingegeuzwa cha mazoezi ya mtihani, na barua ya kumwachisha kazi ilikuwa mezani kwa mkuu, ikingoja sahihi ya mwenyekiti wa bodi tu.

"Na picha za kwenye korido, Mkuu?"

"Toa."

"Na za maktaba?"

"We mama, husikii? Chochote kilichochorwa na wanafunzi wako katika shule hii, toa. Popote kilipo!"

"Popote?"

"Popote!"

Mwalimu akatoa kidaftari, akaliandika neno hilo. Mkuu akacheka kwa dharau. Hawa watu wa sanaa bwana, hata ukiwafokea wanaandika.

Ofisini aliketi chini ya fahari yake: cheti cha Shule Bora, ndani ya fremu ya kioo, herufi za dhahabu, muhuri mwekundu, sahihi ya mkurugenzi. Shule ilikipata mara moja tu, miaka kumi na miwili iliyopita, lakini ukimsikiliza ungedhani ni jana asubuhi. Wazazi walisomewa. Wageni walisomewa. Hata fundi bomba aliyekuja kuzibua choo alisimamishwa pale, mikono inachuruzika, akasomewa mpaka mwisho.

Tena cheti hicho kiliishinda mvua. Mwaka juzi, mkuu akiwa likizo, paa la ofisi lilivuja wiki nzima. Faili zikawa uji, kalenda ikaozea ukutani, zulia likatupwa. Aliporudi alikuta cheti kinang'aa kuliko mwanzo. "Hata maji yana adabu," alipenda kusema, na karani wake, aliyeachiwa funguo wakati ule, kila akisikia hivyo alishikwa na kikohozi.

Bodi ikafika, watu watatu. Mwenyekiti, mama mmoja mpole wa sauti ndogo, akaisoma barua, kisha akauliza kama kweli sanaa haina faida yoyote.

"Faida gani, mama? Mtoto anashinda anapaka rangi vidole! Mwaka juzi hapa nilimfuma mmoja wa darasa la sita, muhula mzima anachora herufi. Herufi! Nikamwambia wenzako wanazisoma, wewe unazipamba? Nikampigisha magoti juani." Aligeuka, akanyoosha rula ukutani. "Shule ni hiyo hapo! Tazama herufi zilivyonyooka. Tazama huo muhuri. Hiyo ni kazi ya watu wenye akili zao, siyo wachora vikaragosi."

Mwenyekiti akavaa miwani, akakikodolea macho cheti. "Kwa kweli ni kizuri sana," alisema, akachukua kalamu.

Mlango ukagongwa. Alikuwa mwalimu wa sanaa, kakumbatia boksi.

"Samahani, Mkuu. Madarasa nimemaliza, korido na maktaba pia. Imebaki kazi moja tu."

"Basi ichukue uende zako! Mpaka upigiwe ngoma?"

Karani, aliyekaa pembeni akiandika kumbukumbu za kikao, alikohoa hadi akashika meza.

Mwalimu akaweka boksi chini, akavuta kiti cha wageni, akapanda. Akaitungua fremu. Akaiweka kifudifudi mbele ya mwenyekiti, akatoa kadibodi ya nyuma taratibu, kama mtu aliyezoea kazi hiyo.

Nyuma ya cheti palikuwa na maandishi ya wino mwekundu. Mwenyekiti akainama, akayasoma kwa sauti yake ndogo:

"Darasa la sita. Zoezi la kunakili herufi. Tisa juu ya kumi. Vizuri sana, ila muhuri umepinda kidogo."