Matone Mawili ya Oili

Tone la kwanza lilidondokea nje ya chupa, likamchafua kidole gumba. La pili liliingia. Mama Chaza alibana pumzi, akainamisha kopo tena.

"Dada, unafanya nini?"

"Funga mlango."

Mdogo wake, fundi wa injini za boti, alifunga mlango wa gereji. Akasimama akitazama chupa ya maji ya bahari mkononi mwa dada yake, na kopo la oili chafu aliyoimwaga asubuhi ile kutoka kwenye injini mbovu. Macho yalimtoka.

"Hayo si ndiyo maji ya kwenda kupimwa leo?"

"Ndiyo hayo."

Saa nne kamili kamati ingeketi ukumbini kuamua ni ghuba zipi zitaingia kwenye sheria mpya, ile ya kupiga marufuku meli za mafuta na uchimbaji baharini. Kamati haikuwa na boti, haikuwa hata na kasia, kwa hiyo iliwaagiza wakazi wa kila ghuba wachague mtu mmoja, achote maji yao na kuyaleta mwenyewe. Ghuba hii ilimchagua Mama Chaza, kwa sababu hakuna aliyepoteza kama yeye.

Miaka mitatu nyuma meli moja ilipita ikimwaga uchafu wa matangi yake. Chaza wake, aliowafuga kwenye kamba arobaini alizozitundika majini kwa mikono yake, walikufa wote ndani ya wiki moja. Mumewe alikwenda bara kuvunja mawe, na kila akipiga simu swali lilikuwa moja, bahari yetu vipi? Sasa kampuni ya uchimbaji ilikuwa imeshatega maboya ya njano mbele ya ghuba. Ghuba ikiachwa nje ya marufuku, mume hana cha kurudia.

Na miaka yote hiyo mitatu alipigwa danadana. Ofisi hii ilimwambia njoo Jumatatu, ile ikamwambia mhusika yuko safarini, na zote zilimalizia kwa kumuuliza ushahidi uko wapi. Ushahidi ulikuwa umeshaoza. Nani angemsikiliza mwanamke mwenye gunia la magamba matupu?

Halafu jana, mpimaji wa kamati alipita ufukweni kujaribu kifaa chake. Akachovya, akatabasamu.

"Maji yenu yamejisafisha, mama. Hayana hata chembe ya mafuta. Wewe nenda kalale."

Alale vipi? Miaka mitatu wanamdai ushahidi, na siku ya ushahidi bahari imejiosha kama bibi harusi. Alikesha akiitazama dari, akalia mpaka machozi yakamkauka, na kulipokucha akabisha hodi gereji.

"Wataijua hii ni ya injini," fundi alisema.

"Kifaa chao hakiulizi mafuta ya nani. Kinaona yapo au hayapo."

"Na wakikuapisha?"

"Nitaapa." Maishani mwake uongo mkubwa aliowahi kusema ulikuwa wa umri wake. "Mdogo wangu, sina kingine. Tukiachwa nje leo, tumekwisha."

Fundi alichukua kitambaa, akamshika mkono dada yake, akamfuta kidole gumba taratibu mpaka weusi ukaisha.

Ukumbini, ghuba yao iliitwa ya kwanza. Mama Chaza aliinua mkono, akaapa kwamba maji ameyachota mwenyewe na hakuyatia kitu. Alijionea aibu, lakini hakusita.

Mpimaji alichovya kifaa. Akakitazama, akamtazama yeye. Akakifuta, akachovya tena. Kisha akainama karibu na sikio lake.

"Mama, hii chupa uliiosha vizuri? Nikupe nyingine ukachote upya. Nitaomba wakusubiri, ni nusu saa tu."

Mwenyekiti aligonga meza. "Mpimaji, hakuna kunong'onezana na wakazi."

Moyo wa Mama Chaza uliwaka. Kumbe huyu amenunuliwa. Jana alimtuma akalale, leo anataka kumpokonya ushahidi mchana kweupe.

"Andika ulichokiona," alisema, kwa sauti iliyofika viti vya nyuma.

"Mama, nakuomba."

"Andika."

Mpimaji aliandika, polepole, kama mtu anayeandika barua ya msiba. Mama Chaza alitia sahihi chini ya jina lake. Kwa mara ya kwanza kwa muda mrefu alijiruhusu kumwona mumewe akifunga mizigo huko bara, akiwaaga wenzake, akipanda gari la kurudi nyumbani.

Mwenyekiti aliisoma karatasi mara mbili, akagonga mhuri, akavua miwani.

"Pole sana, mama," alisema. "Ghuba yenu ndiyo tuliyotaka kuihifadhi kabla ya zote. Lakini sheria inalinda maji ambayo bado ni safi. Yaliyokwisha kuchafuka tumewaachia wachimbaji."