Limita ya Losaline

Siku ile mjinga alikuwa Lopeti, na leo hakatai. Ila Jumamosi ile, pale kwenye uwanja wa maegesho wa Porirua, New Zealand, ungemwambia hivyo angekucheka mpaka magego yaonekane.

Alikuwa amechuchumaa kando ya baiskeli yake, anang'oa nyaya. Juu ya baiskeli vilikaa ving'ora vinne, spika zile zenye midomo ya tarumbeta. Alianza msimu na kumi, sita vimeungua. Hivi navyo vikiungua, basi. Anayeshindwa fainali ya shindano hili la kupiga wimbo kwa sauti kubwa na safi kuliko mwenzake humwachia mshindi uwanja mpaka mwakani, na mshindani wake siku ile alikuwa Pelenato, mtu ambaye akikushinda Jumamosi, Jumapili anakuombea kanisani kwa jina.

"Shemeji, unang'oa limita yangu?" Losaline aliuliza. Ni mdogo wa mkewe, fundi wa redio, na alikuwa ameegemea gari akitafuna andazi.

"Naing'oa. Kitu gani hiki, sauti ikitaka kupanda kinaiambia 'keti chini, mwanangu'? Nilikuomba uniimarishie amplifaya, wewe umeifanya mtawa!"

"Amplifaya ikizidiwa inaikata sauti vichwa. Inakwaruza, kisha king'ora kinaungua. Vile sita vilikufa kwa nini?"

"Vilikuwa vibovu tangu dukani."

"Vyote sita?"

Lopeti aliendelea kung'oa. Bingwa hajibizani na mdomo uliojaa andazi.

Mbele ya amplifaya palikuwa na vikasha viwili. Kimoja cheusi, kimezungushiwa utepe kama kidole kilichokatwa: limita ya Losaline. Kingine cha bati linalong'aa, kimechorwa radi: busta ya Lopeti mwenyewe, ya kuongeza nguvu, aliyoifuata mpaka Auckland. Alhamisi nzima Losaline alikuwa amevifungua vyote viwili mezani, eti anavipangusa vumbi.

Sasa Lopeti alikichomoa kile cheusi, akaunga waya moja kwa moja kwenye cha bati, kisha akakitupa chini na kukikanyaga kwa kisigino. Kwach!

"Kanyaga tu, shemeji," Losaline alisema, akachukua andazi la pili.

Pelenato alianza. Wimbo wa mapenzi, mwanamke wa sauti nyembamba, anapanda, anapanda, na kileleni sauti ikakwaruza kama sufuria inayosuguliwa kwa mchanga. Watu wakaziba masikio.

Ikawa zamu ya Lopeti. Mwanamke wa wimbo wake alipanda mpaka juu kabisa, na kule kwenye uzio wa mbali watu walilisikia kila neno, safi kama limeoshwa. Kila alipofika kileleni, kitaa chekundu kwenye kikasha cha bati kilimeta.

"Mnaona?" Lopeti alipiga kelele. "Haijawahi kuwaka hivi! Hiyo ni nguvu inamiminika!"

Ving'ora vyote vinne vilimaliza wimbo vikiwa vizima. Uwanja ulilipuka kwa shangwe. Pelenato alikunja nyaya zake.

Lopeti alichomoa kikasha cha bati, akakibusu mara tatu, akakipandisha begani kama mtoto mchanga na kuzunguka nacho mbele ya shemeji yake.

"Limita! Hatamu za punda! Kuanzia leo wewe nenda kawatengenezee wajane pasi zao, mambo ya sauti waachie wanaume. Ushahidi wangu huu hapa begani, wako ule kule mavumbini. Haya, fundi, una la kusema?"

Losaline alijifuta mafuta mdomoni.

"Alhamisi nilivibadilishia vikasha matumbo, shemeji. Uliyoikanyaga ni busta yako. Unayoibusu ndiyo limita."